Malakiti, shaba ya nyundo, msalaba au tablo: zawadi ipi kwa Rais na mke wake wakifika Lubumbashi?

Habari za ugeni mkubwa zikishafika Lubumbashi, kamati huzaliwa upesi: ya komini, ya parokia, ya akina mama wa soko, ya chuo, ya wafanyabiashara. Kotizasyo, yaani michango, zinapita, vitenge vinakatwa, nyimbo zinafanyiwa mazoezi, na swali la zawadi linaachwa hadi siku mbili kabla ya ndege kutua Luano. Hapo anatumwa mtu mmoja na bahasha ya pesa, anarudi na tembo wa malakiti, jiwe letu la kijani. Rais anapokea, anashukuru, tembo anakabidhiwa mtu wa protokole, na hatusikii habari zake tena.

Mji wenye mafundi kama wetu unaweza kutoa kitu bora kuliko hicho. Nalinganisha hapa vitu vinne ambavyo Lubumbashi ina haki ya kujivunia: malakiti, shaba ya kugongwa kwa nyundo, msalaba wa shaba na tablo, yaani picha ya rangi kwenye turubai. Nitavigusa na vingine ambavyo kamati hupenda kuvitaja, na sitaficha ninachokichagua mimi.

Zawadi inakoenda

Kiongozi anapopokea zawadi, sheria nayo inaipokea. Marekani ina sheria ya mwaka 1966 inayosema kwamba zawadi kutoka serikali ya kigeni ikizidi kiwango fulani ni mali ya taifa. Mwaka 2023 kiwango hicho kilikuwa dola 480. Mwaka huohuo Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alimpa Jill Biden, mke wa Rais wa Marekani, almasi iliyokadiriwa kuwa ya dola 20,000. Haikuwa yake ya kuvaa apendavyo. Iliandikwa, ikatangazwa, ikabaki chini ya serikali.

Kwetu Kongo, kifungu cha 99 cha Katiba ya 2006 kinamtaka Rais atangaze mali yake kwa maandishi mbele ya Mahakama ya Katiba anapoingia kazini na anapotoka, na mawaziri vilevile. Mali hiyo inahesabiwa pamoja na ya mwenzi wake kulingana na utaratibu wa ndoa yao, ya watoto wadogo, na ya watoto wakubwa ambao bado wanawategemea. Ukimvisha mke wa Rais kidani cha bei kubwa mbele ya kamera, umempa pia jambo la kueleza siku moja.

Zawadi ghali zimewaletea viongozi shida ya kweli. Almasi ambazo Jean-Bedel Bokassa, mtawala wa Afrika ya Kati, alimpa Valéry Giscard d'Estaing, wakati huo waziri wa fedha wa Ufaransa, zilifichuliwa na gazeti Oktoba 1979 akiwa amekwisha kuwa Rais, zikamfuata hadi uchaguzi wa 1981 alioshindwa. Brazili, Oktoba 2021, forodha ya uwanja wa ndege wa Guarulhos ilikamata vito kutoka Saudi Arabia ndani ya begi la msaidizi wa waziri. Vilielezwa kuwa zawadi ya Michelle Bolsonaro, mke wa Rais. Pakistan, Januari 2024, waziri mkuu wa zamani Imran Khan na mke wake Bushra Bibi walihukumiwa kifungo kwa ajili ya zawadi za kiserikali, ingawa adhabu hiyo ilisimamishwa baadaye.

Upande wa pili kuna meza. Mwaka 1880 Malkia Victoria wa Uingereza alimpelekea Rais Rutherford Hayes wa Marekani meza ya kuandikia iliyotengenezwa kwa mbao za meli Resolute. Meli hiyo ilikuwa imeachwa kwenye barafu ya kaskazini, wavuvi wa nyangumi wa Marekani wakaiokota, nchi yao ikairudisha kwa Waingereza. Marais wengi wameitumia meza hiyo, na kibao kilichobandikwa juu yake kinasimulia habari yote. Mbao za meli kuukuu! Thamani yake imetoka kwenye kisa inachobeba na kazi inayofanya kila siku.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: kitu kikiwekwa katika kabati la serikali kwa miaka 50, waliokitoa wakiwa wamekwisha kufa na waliokipokea pia, je, bado kitaweza kumwambia mtu kilitoka wapi na mikono ya nani ilikitengeneza?

Malakiti

Uzuri wake haupingiki. Shaba iliyo karibu na uso wa ardhi hukutana na maji na hewa kwa muda mrefu sana, ikageuka jiwe la kijani lenye mistari inayozungukana, kijani cha jani changa kikifuatana na kijani kinachokaribia weusi. Likasi, Kambove, Kolwezi: ukanda wetu wote wa shaba unalitoa. Mgeni akilitazama anaifikiria Katanga bila kuambiwa.

Lakini malakiti ni laini kuliko linavyoonekana. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs linafikia 3.5 hadi 4, maana yake kisu cha jikoni kinalikwaruza. Ndimu, siki na sabuni kali vinaondoa mng'ao wake. Manukato na jasho pia vinalififisha, na hapo ndipo kidani cha malakiti kinaposhindwa kazi kwa mwanamke anayevaa kila siku mbele ya watu. Halafu uzito: sanduku la jiwe tupu lenye sentimita 20 kwa 10 kwa 5 lina karibu kilo 4. Tembo mkubwa wa mezani anahitaji kreti ya mbao na watu wawili wa kumbeba, na sikio lake ndilo linalovunjika kwanza.

Kuna pia suala la vitu visivyo vya kweli. Baadhi ni plastiki, na hiyo unaijua kwa mkono: jiwe ni zito na hubaki baridi kiganjani kwa muda, plastiki inapata joto mara moja, na mistari yake inajirudia mno. Nyingine ni unga wa malakiti uliogandishwa kwa gundi. Nyingine ni vipande vyembamba vilivyobandikwa juu ya kitu kingine, na hiyo peke yake haina ubaya. Magudulia makubwa ya malakiti ambayo wafalme wa Urusi walikuwa wakiwapa wenzao wa Ulaya katika karne ya 19 yalitengenezwa hivyohivyo, vipande vya milima ya Ural vikiunganishwa kwa ustadi hadi mshono usionekane. Ubaya ni kumwambia mnunuzi kwamba ni jiwe tupu. Muulize fundi moja kwa moja, naye atakujibu. Usilijaribu jiwe kwa ndimu, utaliharibu.

Ninalojali zaidi ni vumbi. Malakiti likikatwa kavu linatoa vumbi la kijani lenye shaba, na vumbi hilo linaingia mapafuni mwa kijana anayelikata. Mafundi wanaojiheshimu hukata na kusugua wakiwa wamelowesha jiwe kwa maji. Kamati inayotoa zawadi kwa jina la raia ina wajibu wa kufika mahali pa kazi na kuona maji yapo. Iulize pia jiwe limetoka kwa nani, maana wajumbe wa kigeni siku hizi wanaulizwa swali hilo wakirudi kwao, na aibu ya kukosa jibu itakuwa yetu.

Mgeni wa nje anaweza kupewa malakiti, kipande kidogo na bapa: sanduku la kalamu, kibao cha kuzuia karatasi zisiruke. Rais wa Kongo sidhani kama amekosa malakiti nyumbani kwake, na tembo mwingine hatamweleza chochote kuhusu sisi.

Shaba ya nyundo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kazi hii watu wa mji wameizoea hadi hawaioni tena.

Fundi anaanza na bamba jembamba la shaba, chini ya milimita moja. Anachora juu yake, analipasha moto hadi lilegee, analilaza juu ya kitu kinachobonyea, lami au mchanga, kisha anaanza kugonga kwa nyuma. Anachokisukuma nyuma kinavimba mbele: shavu, kifua cha ndege, mgongo wa mama aliyebeba mtoto. Analigeuza, anafuata mipaka ya picha kwa patasi butu ili kila umbo lijitenge na jirani yake. Shaba ikigongwa sana inakakamaa, na akiendelea itapasuka, kwa hiyo inarudi motoni, inalegea, kazi inaendelea. Mwishoni analitia dawa ya kulifanya jeusi, halafu anasugua sehemu zilizoinuka tu. Weusi unabaki mabondeni, wekundu wa shaba unawaka juu. Vanishi inafuata, na vanishi ni lazima, maana bila hiyo kila kidole kinachogusa kinaacha doa la kahawia.

Ukitaka kujua kama kazi ni ya mkono, geuza bamba. Mbele kunaweza kudanganya, nyuma hakudanganyi. Nyuma ya bamba la kweli kuna mamia ya vidoa vya nyundo, mahali fulani vimesongamana kwa sababu fundi alirudia, mahali fulani vimepanuka kwa sababu alipiga kwa uhakika. Lililobanwa na mashine lina mgongo laini na picha isiyo na kina.

Sasa tupige hesabu. Bamba la sentimita 60 kwa 40 lenye unene wa milimita 0.6 lina uzito wa karibu kilo 1.3. Mwaka 2024 shaba iliuzwa katika soko la dunia kwa wastani wa takribani dola 9 kwa kilo. Shaba iliyomo humo, basi, ni ya dola 12 hivi. Pesa nyingine yote mnayomlipa fundi inalipia macho yake na mikono yake. Hakuna gazeti litakaloandika kwamba Rais alipewa utajiri, na bado amepewa kitu ambacho hawezi kukiagiza popote pengine kikaja na maana ileile. Tumeichimba shaba hii zaidi ya miaka mia moja na sehemu kubwa imeondoka bila kuguswa na msanii. Kumkabidhi mkuu wa nchi kipande ambacho mkono wa Mkongomani umekifanyia kazi hadi mwisho ni kusema neno kubwa bila hotuba.

Kosa la kawaida ni kuagiza uso wa Rais. Nawasihi kamati zisifanye hivyo. Shaba humsamehe swala, haisamehi pua ya mtu anayejulikana na nchi nzima. Uso wa mke wake ni hatari zaidi, kwa sababu nyundo huongeza miaka. Na siku kiongozi mwingine akiingia, sura ya aliyeondoka itashushwa ukutani, wakati picha ya mji ingeweza kubaki. Agizeni bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na kilima cheusi cha masalia ya shaba kando yake, au wayeyushaji wa zamani wakivuvia tanuru la udongo wa kichuguu, au maporomoko ya Lofoi kule Kundelungu, au akina mama wa Kenya na mizigo yao ya mahindi wakiamkia sokoni. (Komini yetu ya Kenya, sio nchi, mtu wa Nairobi akisoma asishangae.)

Msalaba wa shaba

Kwa uzito wa historia, hakuna kinachoufikia. Karne nyingi kabla ya reli, wayeyushaji wa eneo hili walimimina shaba katika kalibu zenye umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikatembea mbali kama mali ya kubadilishana, ya kulipia mahari na madeni. Katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbuaji wa karne ya 20 walikuta misalaba midogo karibu na mikono na viuno vya wafu. Mtu alizikwa na pesa yake.

Ila msalaba huohuo una kisa cha pili. Katanga ilipojitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, bendera yake ilichorwa misalaba mitatu ya rangi ya shaba, na sarafu zake za 1961 zikabeba umbo hilo. Utengano ulikwisha Januari 1963, kumbukumbu haikuisha. Machi 2013 wapiganaji wa Kata Katanga, kundi lililotaka Katanga ijitenge tena, waliingia Lubumbashi na bendera hiyo, na watu wakafa. Sasa fikiria kamati ya Lubumbashi inamkabidhi Rais wa Jamhuri msalaba wa Katanga, na picha inatoka Kinshasa jioni hiyohiyo. Ninyi mlikusudia ufundi wa mababu. Kuna watakaosoma siasa. Hata kama Rais mwenyewe ataelewa, atalazimika kuwaeleza wengine, na zawadi inayomtaka mpokeaji aitetee haijamstarehesha.

Kwa hiyo msalaba nawashauri mumpe kiongozi wa kigeni na mwenzi wake, ambao kwao ni pesa ya kale na kazi ya moto. Tena uwe mpya, uliomiminwa na fundi wa leo. Wa kale, uliotoka ardhini, usiguswe. Nchi ina sheria ya kulinda mali za utamaduni tangu Machi 1971, na pahali pa msalaba wa kaburini ni makumbusho.

Hilo nalisema kwa vitu vyote vya kale. Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji na Malkia Mathilde walipokuja Kongo, mfalme alikabidhi Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku kwa makumbusho ya taifa, kwa mkopo usio na kikomo. Siku chache baadaye walikuwa hapa, mfalme akihutubia kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kitu chetu, na kimerudi kwa jina la mkopo. Watu ambao bado wanadai vitu vyao katika maghala ya Ulaya hawawezi kuwafungashia wageni vingine kwa mikono yao wenyewe.

Tablo

Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya uchoraji iliyoitwa Le Hangar, na humo wakatokea watu watatu ambao mpaka leo kila mchoraji wa mji anawajua: Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Ukisogeza macho karibu na kazi zao unaona kila mmoja alivyojaza nafasi. Bela alichovya vidole vyenyewe ndani ya rangi na kuvigusisha turubai, doa kwa doa. Mwenze alikata uwanja wote kwa vistari vifupi vinavyokwenda pamoja. Pilipili alipanga magamba ya samaki na manyoya ya ndege kwa subira ambayo huwezi kuiharakisha. Baadaye akaja Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa mji huu mwaka 1947, aliyeichora historia nzima ya nchi, tablo baada ya tablo, kwa ajili ya watu wa kawaida wa nyumba za kawaida. Na tangu 2008 mji una tamasha la kila miaka miwili la sanaa, lililoanzishwa na Picha, shirika la wasanii wa hapa.

Tablo inashinda kwenye mambo mawili. Ni nyepesi, turubai inasokotwa ikaingia ndani ya bomba la karatasi ngumu na kusafiri na mgeni ndani ya ndege. Halafu ina saini. Malakiti halina jina la mtu. Bamba la shaba mara nyingi halina, mpaka mwombe. Tablo inajieleza yenyewe: jina kwenye kona, mwaka, mara nyingi na maneno machache ya mchoraji kuhusu alichokichora.

Udhaifu wake ni kwamba inategemea mkono zaidi kuliko vyote. Shaba ya fundi wa wastani bado ni shaba. Tablo ya mchoraji wa wastani inakwenda chumba cha nyuma. Na rangi inataka muda: ya mafuta ikiwa bado haijakauka vizuri ikasokotwa, inashikamana na kupasuka. Agizo la haraka linafaa rangi ya akriliki, inayokauka upesi. Kumpa mgeni wa nje nakala ya samaki wa Pilipili, kama zinavyouzwa nyingi, ni kumnyima mchoraji aliye hai nafasi yake. Mtafuteni kijana wa leo mwenye jicho lake, mwacheni achore mji anaouona.

Vingine vinavyotajwa kamatini

Kitenge ni kizuri na hakina kelele. Kitoeni yadi 6 nzima, bila kukata, mshonaji wake atajua vipimo. Chenye uso wa Rais wavae wanaompokea. Kumpa mke wake nguo yenye sura ya mumewe, sioni haja.

Kiti cha Waluba kinachobebwa na umbo la mwanamke, au lukasa, ubao wa shanga ambao wazee wa Mbudye, chama cha watunza kumbukumbu za ufalme, walisomea historia ya ufalme kwa vidole: vipya, vilivyochongwa leo, ndiyo. Lakini lukasa lina elimu ndani yake. Likitolewa bila mzee wa kueleza limekuwa pambo tu, kwa hiyo watoaji wawe Waluba wenyewe.

Ngozi ya chui na pembe za ndovu, hapana kabisa. Kongo imo tangu 1976 katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, na biashara ya pembe kati ya nchi na nchi imefungwa tangu 1990. Mgeni atanyang'anywa uwanjani kwake, na jina la mji wetu litaandikwa kwenye karatasi ya kukamata.

Mbuzi na kuku mweupe ni heshima ya machifu, waachieni machifu.

Zawadi moja au mbili?

Desturi ya kumpa mume ramani na mke kidani imezeeka. Mke wa Rais ana kazi zake. Mama Denise Nyakeru Tshisekedi ana taasisi yenye jina lake. Na mwenzi anaweza kuwa mwanaume: Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania ni mke wa Hafidh Ameir, na kamati iliyozoea kununua mkufu ingebaki imekwama. Kama kamati ni moja, itoe kitu kimoja kizuri kwa wawili, majina yote mawili yakiwa yameandikwa. Kama akina mama wa soko wanataka kumpa mwenzao kitu peke yake, wampe kilichotoka mikononi mwao, na mmoja wao aseme kwa mdomo kilivyotengenezwa.

Nikiulizwa nichague: kwa Rais wa Kongo na mke wake, bamba la shaba ya nyundo lenye picha ya mji, sentimita 60 kwa 40, lisizidi hapo. Kwa Rais wa nje na mwenzi wake, tablo ya mchoraji aliye hai, na ikiwa pesa inaruhusu, msalaba mpya mdogo wa kuandamana nayo. Malakiti nayaweka ya tatu kwa wote wawili. Kwangu uzuri wake hautoshi kufidia ukimya wake.

Yapo ya kufanya kabla ya siku yenyewe. Muoneni fundi mapema, wiki kadhaa kabla, mkubaliane kwa maandishi, mlipe nusu ya kwanza ili anunue vifaa bila kukopa. Wapeni watu wa protokole vipimo, uzito na bei ya zawadi kabla ya siku. Walinzi wataifungua kuikagua, kwa hiyo msiifunge kwa misumari. Nyuma ya bamba au ya fremu pigilieni kibao kidogo chenye jina la kazi, jina la fundi, Lubumbashi, tarehe, jina la waliotoa, kwa Kiswahili na Kifaransa. Mwandike maelezo hayohayo kwenye karatasi mbili zenye muhuri wa kamati. Moja iende na zawadi. Ya pili apewe fundi, pamoja na kadi ya kuingilia kwenye sherehe, ili siku kitu chake kinapotolewa awepo ukumbini na atajwe kwa jina, na kesho mteja akiuliza amefanya kazi gani, awe na cha kumwonyesha.